Kivimbe Wakati wa Kunyonyesha

Mwanangu alikuwa na miezi mitano nilipogusa kivimbe katika ziwa la kushoto, kigumu, kama kokwa ya tende. Mavyaa yangu, Mungu amjaze kheri, alinikanda kwa maji moto siku tatu mfululizo, akasema ni maziwa yaliyoganda. Mara nyingi huwa ndivyo. Lakini wiki ya kwanza ilipita, ya pili nayo ikapita, na kivimbe kingalipo.

Katika zahanati moja niliambiwa nimwachishe mtoto kwanza ndipo nirudi kupigwa picha, kwani mashine huharibu maziwa. Nilirejea nyumbani nikilia. Nimwachishe mtoto wa miezi mitano, ilhali Suratul Baqara imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza! Nikanyamaza mwezi mzima. Mwezi huo ndio ninaoujutia, maana mtoto sikumwachisha wala daktari mwingine sikumtafuta.

Daktari niliyemwendea hatimaye alisikitika kusikia hayo. Altrasaundi, ambayo ndiyo huanza nayo kwa mjamzito na kwa anyonyeshaye, hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi kabisa. Mamografia ina mionzi michache ya eksirei, lakini haisalii mwilini wala haiingii katika maziwa. Hata mjamzito huweza kupigwa panapo haja, kwa kuwa kiasi kinachomfikia mtoto tumboni ni kidogo mno. Kinachoepukwa katika ujauzito ni picha ya sumaku inayohitaji dawa ya kutiwa mshipani. Akaniagiza nimnyonyeshe mtoto muda mfupi kabla ya kipimo, ili ziwa lipungue ujazo na picha ionekane vyema.

Basi nilimnyonyesha pale pale kwenye benchi, tukingoja zamu. Mpimaji alikuwa mwanamke. Nilikuwa nimeuliza mapema kwa simu, na hakuna aliyeniona mkaidi kwa kuuliza.

Kilionekana kifuko kilichojaa maziwa. Daktari aliyavuta kwa sindano, na saa ile ile mtoto akarudi kunyonya.

Nilipomsimulia jirani yangu, mwenye mimba ya miezi sita, alinyamaza kitambo huku akikunja leso yake. Kisha akasema naye ana kivimbe tangu Rajabu, na sasa Shaabani ilikuwa inakwisha. Alikuwa akingoja ajifungue kwanza. Asubuhi yake tulipanda matatu pamoja.