Kujua Ulipo

Jioni moja mpwa wangu alinijia barazani, hapa Malindi, na swali lililokuwa likimkera. "Mjomba, nikisomea kuyafundisha maroboti kuona na kujua yalipo, nitaajiriwa wapi? Au ndiyo nihame nchi?" Ada ilikuwa juu yangu, na sikumjibu. Nilimkumbuka babu yake, nahodha, ambaye elimu yake yote ilikuwa kujua alipo: kwa nyota, kwa rangi ya maji, kwa bildi.

Jibu nililipata mbali na bahari, Nyarugusu mkoani Geita, nilikopelekwa na biashara. Huko wachimbaji wadogo huitafuta dhahabu katika maduara, mashimo yanayozuiwa kwa matimba yasiporomoke. Nilimwona kijana wa umri wa mpwa wangu akishuka kwa kamba. Taa yake ikawa nukta, kisha ikapotea. Simu yangu, inayokijua kila kichochoro cha Mji Mkongwe, ingemfaa nini? Ishara za setilaiti hazipenyi mwamba. Mwishoni mwa Januari 2017 watu 15 walifukiwa katika mgodi mmoja wa huko huko. Walitolewa wote hai, lakini kwa waliokuwa juu swali la kwanza lilikuwa: wako wapi?

Elimu anayoitaka mpwa wangu ndiyo hiyo. Roboti iliyo gizani huumulika ukuta kwa taa au kwa leza, ikashika alama: jiwe hili, ufa ule. Ikisogea, huzitazama tena, hupima zimehama kiasi gani, na kwa hesabu hiyo hujichorea ramani na kujua ilipo. Nasi si wageni wa elimu hii. Kuanzia 2016 wanafunzi wa SUZA walishiriki kuipiga picha Zanzibar kwa ndege zisizo na rubani, na kompyuta ikaziunga picha hizo kwa kuitambua nukta ile ile katika picha nyingi.

Niliporudi nilimwambia kweli. "Mwanangu, Nyarugusu hakuna atakayetangaza kazi kwa jina hilo. Mwenye duara hana fedha za roboti. Lakini mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza kwa mashimo ya wazi, uliingia chini ya ardhi mwaka 2016. Changanya na upimaji wa ardhi, uanzie kwenye kazi iliyopo."

Alinyamaza kidogo. "Na yule aliyeshuka kwa kamba, Mjomba?"

Sikuwa na la kumjibu. Mwezi uliofuata nikamlipia ada.