Gari la Jumapili

Mjomba hakuwa akipiga honi. Ya nini? Land Rover yake ikishaingia Magomeni, sisi wa Dunda, Bagamoyo, tulikwisha kuisikia difu ikilia, na bibi ameshaongeza maji kwenye birika.

Ilikuwa 109, Series III, turubai nyuma. Hiyo 109 ni inchi, toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Aliinunua mnadani mwaka 1981, kwa mradi mmoja uliofunga virago. Kadi ilikuwa na jina lake, lakini gari lilikuwa la mtaa. Alfajiri lilibeba ng'onda kwenda Dar, likarudi na unga na mafuta ya taa. Mama akishikwa na uchungu usiku, mlango uliogongwa ulikuwa wa mjomba. Bibi mwenyewe alikwenda kuzikwa Kaole humo humo, na sisi watoto tukakaa kwenye mabenchi ya pembeni tumekunja miguu tusiguse jeneza.

Kwenda Dar hazikufika kilomita 70, lakini kiangazi zilituchukua saa tatu, masika hatukuhesabu. Chini ya kioo cha mbele palikuwa na vifuniko viwili vya kuingiza upepo. Kuanzia Kerege mjomba alivifungua. Joto lilipungua, vumbi likaingia, na tukifika Tegeta abiria wote walikuwa rangi moja, mwarabu na mzaramo.

Karibu na gia palikuwa na virungu viwili: cha manjano cha kubonyeza, ili magurudumu yote manne yashike kazi, na chekundu cha kuvuta kwa gia nzito. Cha manjano aliniachia mimi. "Hicho chekundu usikiguse, mjomba," aliniambia, nami sikukigusa. Tulipozama kwenye tope la bonde la Ruvu, kule Makurunge, nilibonyeza kirungu changu na kuamini kwamba mimi ndiye niliyetutoa.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Maurice Wilks alikuwa na jipu la Willys shambani kwake, lililobaki baada ya vita, akataka kutengeneza la Kiingereza. Chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo bodi wakaifanya ya alumini. Mjomba hakuijua habari hiyo, ila matokeo yake aliyajua kuliko Wilks. Kwa upepo wetu wa chumvi, bodi haikushika kutu. Chesi, iliyo ya chuma, ililiwa taratibu bila mtu kuiona. Na pale alumini ilipogusana na chuma palitoka unga mweupe, kama wa muhogo. Fundi alichomelea kipande juu ya kipande, hata chesi ya kiwandani ikabaki jina.

Miaka ile mafuta yalikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Ikifika Jumapili saa nane mchana, magari ya binafsi yalikatazwa barabarani. Mjomba aliegesha chini ya mwembe, akavua shati, akalala chali chini ya injini na spana. Nadhani hizo ndizo saa zilizomfurahisha zaidi.

Watu husema Toyota ndiyo iliyoiua Land Rover. Mimi nasema ni lami. Ilipofika Bagamoyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, Costa za Dar zilianza kumpita mjomba zikimpigia honi, yeye na sabini yake kwa saa, usukani ukicheza. Wakubwa walishahamia kwenye mashangingi, miradi ikachukua Land Cruiser mkonga. Polisi nao walibadili, ingawa gari lao hadi leo tunaliita difenda hata likiwa Toyota. Barabara ya Msata ilipotiwa lami, hata Makurunge hakukuwa tena na tope la kujivunia. Mgonjwa akawa anapelekwa kwa bajaji.

Mwishowe wanunuzi wa vyuma chakavu waliipima Land Rover ya mjomba kwa kilo. Milango ndiyo iliyotoa bei nzuri, maana alumini inayeyushwa ikawa sufuria. Siwezi kuapa kwamba sijawahi kula pilau iliyopikwa kwenye mlango wa mjomba.

Jumapili moja, kijana wa Dar alisimama karibu na Mji Mkongwe na 109 iliyong'arishwa. Alikuwa ametoka nayo Arusha, kwenye lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024. Alimwona mjomba anavyoitazama, akamfungulia mlango. Mjomba akakaa, akapapasa kile kirungu cha manjano, akafungua vifuniko vya upepo. Tulikwenda hadi Zinga na kurudi. Haikuingia hata chembe ya vumbi.

"Inafanya kazi gani?" akauliza.

"Haina kazi, mzee. Ni ya kutembelea Jumapili tu."

Mjomba alitazama saa yake. Ilikuwa saa tisa kasoro.

"Tungekamatwa," akasema.