Fundi Aliniuliza Mara Mbili

Nianze na kosa lenyewe, nisije nikalizunguka kama nilivyolizunguka kwa miaka mitano. Oktoba 2018 nilipeleka suti yangu ya Kaunda kwa fundi kijana hapa mjini Kakamega, nikamwamuru aibane. Ikaharibika. Kaka yangu, aliyeishona suti ile kwa mikono yake, aliponiuliza nani ameikata, nilisema ni yule kijana, tena amekata bila ruhusa yangu. Nilisema uongo.

Nilikuwa na miaka 60, mwalimu mstaafu wa miezi miwili. Wanaosema kustaafu ni kupumzika hawajawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri, wakavaa viatu, ndipo wakakumbuka kwamba hakuna kengele inayowangoja. Wiki ya kwanza nilitembea mjini bila shughuli. Karibu na bustani ya Muliro Gardens nilisimamisha bodaboda, na yule dereva, kijana mwenye adabu zake, akanishika kiwiko na kuniambia, "Kuka, panda polepole." Kuka ni babu. Mwezi uliotangulia nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu, na vijana wa rika lake walikuwa wakinipisha njia kwa hofu. Sasa nashikwa kiwiko.

Nilifika nyumbani nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Suruali yangu ilikuwa na mikunjo miwili mbele, na miguuni ilipepea kama bendera. Nikawaza maofisa vijana wa kaunti ninaowaona wakitoka ofisini saa saba mchana, suruali zao nyembamba kama bomba, vifundo vya miguu viko nje, soksi hakuna. Nilikuwa nikiwacheka. Siku ile sikucheka.

Nikaanza taratibu. Nikanunua raba nyeupe. Nikaanza kurauka sokoni siku belo za mitumba zinapofunguliwa, nichague kamera, zile nguo bora, kabla ya wengine, maana ukifika jioni unakuta fagia tu, zile nguo za kumwagwa chini. Mama watoto aliziangalia raba zile akasema, "Mwalimu, hizo zitaonekana safi mpaka mvua ya kwanza." Kakamega mvua ya kwanza huwa ni ya saa tisa siku hiyohiyo. Sikumsikiliza. Nilikuwa na hoja zangu. Papa Wemba, nilimwambia, alizaliwa 1949, mwaka mmoja na kaka yangu, na alipoanguka jukwaani Abidjan Aprili 2016 akafa, alikuwa bado ndiye mfalme wa wapenda mavazi wote wa Kongo. Akanijibu kwamba Papa Wemba alikuwa akiimba.

Hadi hapo sina la kuungama. Sioni aibu mzee kuvaa vya wakati wake, na wakati huu ni wangu pia, bado naishi ndani yake. Mambo yaliharibika nilipoitoa ile suti kabatini.

Suti yenyewe ilishonwa 1984. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu cha Siriba, kule Maseno, na mshahara wangu wa kwanza ulikuwa umeingia. Kaka yangu alikuwa na cherehani yake ya miguu, Singer nyeusi, kwenye veranda ya duka la Mhindi aliyeuza vitambaa. Alinichagulia kitambaa kizito cha kahawia kilichofumwa Rivatex, Eldoret. Siku hizo nani hakuwa na Kaunda? Chifu alikuwa nayo, mwalimu mkuu alikuwa nayo, bwana shamba alikuwa nayo: koti la mikono mifupi, mifuko minne, bila tai, na suruali ya kitambaa hichohicho. Jina lilitoka kwa Kenneth Kaunda wa Zambia. Zaire walikuwa na ndugu yake, abacost ya Mobutu, na huko tai ilikatazwa hadi 1990. Sisi hatukulazimishwa na mtu. Tuliipenda tu, na kwa joto la adhuhuri ilikuwa nguo ya akili.

Kaka alinipima, akakata, na aliponivalisha akaigeuza ndani nje anionyeshe kitu. Kila mshono wa ubavuni, na wa nyuma ya suruali, ulikuwa na kitambaa cha ziada kilicholazwa ndani, upana wa vidole viwili. "Mwili wa mwalimu hunenepa," akasema. "Nimekuachia miaka ishirini humu ndani."

Alikosea, ilikuwa zaidi ya ishirini. Mwaka 1996 alifumua kidogo, akaachia. Mwaka 2007 akaachia tena. Na bado ndani kulibaki kitambaa. Huo ndio ufundi wa watu wale, na nausema kwa uchungu kwa sababu mafundi kama kaka yangu walipigwa vibaya. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mitumba ilifunguliwa njia, KICOMI ya Kisumu ikafungwa, na mtu aliyekuwa akishona suti nne kwa wiki akawa anashona sare za shule mwezi wa Januari, majoho ya kwaya mwezi wa Desemba, na katikati anapunguza urefu wa suruali za watu waliokufa Ulaya, kama alivyozoea kusema. Kaka alibaki kwenye veranda ileile. Kazi zilizomzidi aliwagawia mafundi vijana waliokaa pembeni yake, kila mtu na cherehani yake, na mmoja wao ndiye huyu nitakayemtaja bila jina.

Alikuwa mwanafunzi wangu. Mji huu ni mdogo, na ukifundisha miaka thelathini na zaidi, kila anayekupima kiuno ulimsahihishia daftari.

Sasa Oktoba 2018 sherehe ya kitaifa ya Sikukuu ya Mashujaa ililetwa Kakamega. Mji ulipakwa rangi, barabara zikazibwa mashimo, na uwanja wa Bukhungu ukang'arishwa kumpokea Rais. Sisi wastaafu tulikubaliana kwenda pamoja asubuhi ya tarehe 20. Niliwaza: nivae Kaunda, ndiyo heshima, lakini isiwe Kaunda ya mzee. Ibanwe. Iwe slimfiti.

Nilimpelekea yule kijana na si kaka, na hilo pekee linaonyesha kwamba moyoni nilijua. Kijana aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye kile kitambaa cha ziada, akanyamaza kidogo.

"Mwalimu, nikunje ndani au nikate?"

Nikamwambia akate, kwa sababu ikikunjwa itaonekana imevimba ubavuni.

"Nikikata haitarudi, Mwalimu. Nikate kweli?"

"Kata."

Akakata. Nililipa shilingi 800, na vipande vikabaki chini ya meza, vikafagiwa jioni pamoja na nyuzi.

Kuhusu siku ya sherehe sitasema mengi. Suruali ilinikaa vizuri nikiwa nimesimama. Kuruka mtaro sikuweza, ilibidi nizunguke hadi kwenye daraja, na nilipoketi nilinyoosha miguu mbele kama mtu aliyefungwa plasta. Kaka alitukuta karibu na lango la uwanja. Alikuwa amevaa Kaunda yake, ya kijivu, pana, imepigwa pasi ikapigika. Alinisalimu, kisha mkono wake ukashuka wenyewe hadi ubavuni mwa koti langu. Akaubana mshono kwa vidole viwili, akausugua.

"Nani amekata hii?"

Nilikuwa na nafasi. Wenzangu walikuwa wanatazama upande mwingine, bendi ilikuwa inapiga. Neno moja tu lilitosha. Nikasema, "Ni yule kijana wako. Nilimwambia apunguze kidogo, yeye akakata."

"Kumbe," akasema kaka. Akaondoa mkono.

Januari iliyofuata, msimu wa sare, nilipita verandani nikaona mafundi wengine wote wana marundo ya kaptura na sketi kutoka kwa kaka, isipokuwa yule kijana. Alikuwa anaziba tundu la mfuko. "Shikamoo Mwalimu," akaniambia. Nikaitikia marahaba, nikapita. Niliona na kuelewa, na nikapita hivyohivyo miaka mitano. Nilijiambia kwamba kaka atasahau, kwamba kijana atapata wateja wake, kwamba kukiri sasa kutafufua mambo. Kaka hakusahau. Fundi husamehe mteja asiyelipa, lakini mkasi uliopita mahali pasipostahili haumtoki moyoni.

Kisha mtindo ukanigeuka. William Ruto alipokuwa Rais, watu wakaanza kumwona akivaa Kaunda, leo ya kijani, kesho ya samawati, na mwaka 2023 haikuwa tena nguo ya wastaafu. Maofisa wale wa suruali za bomba walimiminika verandani kwa kaka, mtu wa miaka 74 mwenye vidole vinavyouma kukiwa na baridi, wakiomba washonewe "kama ile ya zamani". Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula, jirani yetu wa Bungoma, akaipiga marufuku bungeni, akisema wabunge warudi kwenye koti na tai. Kwa kaka hakuna oda hata moja iliyorudishwa. Walihitaji Kaunda za harusi na za kanisani, nani anakwenda bungeni? Kazi ilikuwa nyingi hata akawagawia mafundi wote wa veranda. Wote ila mmoja.

Nami nilikuwa na Kaunda halisi ya 1984, kitambaa ambacho leo huwezi kukipata dukani, na haikunipita magotini. Januari 2024 nikaikunja kwenye mfuko nikampelekea kaka, nimuombe aniachie kidogo. Bado sikuwa nimekwenda kuungama. Nilikwenda kuomba msaada, na hilo nalo liandikwe.

Akaigeuza ndani nje. Akavaa miwani. Kila mshono ulikuwa umekatwa ukingoni na kufungwa kwa ovaloki. "Hapa hakuna kitu," akasema. "Hapa siwezi hata kukupa mwezi mmoja." Kisha akainua kichwa, akatazama upande wa yule kijana, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mtoto yule aliniharibia kazi yangu."

Kijana alisikia. Aliinamia cherehani.

Ndipo nikasema. Sikusema vizuri, nilisema vipandevipande, lakini nilisema yote: kwamba ni mimi niliyeamuru, kwamba aliniuliza akunje au akate, na akaniuliza tena.

"Alikuuliza mara mbili?" kaka akauliza.

"Mara mbili."

"Mimi ningekuuliza mara moja." Akaikunja suti taratibu, akanirudishia. "Mwana wefwe," akaniita, yaani ndugu yangu, "mimi usiniambie. Nguo ni nguo. Nenda pale."

Pale palikuwa hatua kama sita. Kijana alikuwa anampima mama mmoja, akaniambia ningoje amalize, nikakaa kwenye benchi la wateja. Alipomaliza nikamwambia. Akasema alijua tangu 2019. Kazi zilipokatika alimuuliza kaka sababu, naye akamwambia alichoambiwa.

"Kwa nini hukujitetea?"

"Ningesema nini? Kwamba mwalimu wangu ni mwongo?"

Lazima niongeze jambo ambalo nilitaka kuliacha. Shuleni nilikuwa msimamizi wa nidhamu. Nilikuwa na wembe kwenye droo, na Jumatatu gwarideni mvulana ambaye suruali yake imebana nilikuwa naifumua pale pale, kuanzia ugokoni hadi gotini, mbele ya shule nzima. Nilifanya hivyo miaka mingi, nikiamini nalinda kitu. Sikukumbuka kama kijana huyu alikuwa miongoni mwa wale. Yeye anakumbuka.

"Kidato cha pili," akaniambia, bila hasira, huku akikunja futi yake ya kupimia. "Haikuwa imebanwa, Mwalimu. Ilinunuliwa nikiingia kidato cha kwanza. Nilikuwa nimekua."

Nikamuuliza alifanya nini. Akasema aliishona mwenyewe usiku ule, kwa mkono, na ndipo alipoanza kushona.

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Wiki iliyofuata kaka alimpa Kaunda tatu za kwaya ya wanaume. Nami nilimpa oda ya moja, pana, na nilimlipa kabla hajakata.

Ile ya 1984 tumeigawa. Koti linaning'inia kabatini. Suruali anaivaa mjukuu wangu wa kidato cha tatu, inamtosha kabisa kiunoni. Juzi alikuja kuniuliza kama fundi anaweza kuipanua miguu, maana wenzake wanamcheka, suruali za kubana zimepitwa na wakati. Nilimgeuzia ndani nje nikamwonyesha kwamba hakuna kitambaa.