Msitu Wenye Mirija: Safari ya Simu hadi Vermont

Katika ukurasa huu wa safari tumezoea kuwaeleza mahali tulipopita kwa miguu yetu. Mwezi huu tunawapeleka mahali ambapo hatujawahi kukanyaga. Tulifika huko kwa simu ya mkononi, tena chaji ilikuwa karibu kwisha.

Mambo yalianza hivi. Machi mwaka huu mama mmoja wa Rubondo alitufuata darasani baada ya masomo. Mtoto wake wa kwanza alipelekwa Marekani miaka michache iliyopita, akapokelewa upande wa Burlington, katika jimbo la Vermont. Alikuwa na desturi ya kupiga simu kila Jumapili. Sasa ilikuwa wiki ya tatu, kimya kabisa. Mama akasema, "Mwalimu, huyu mutoto alishanisahau. Na hawa wadogo wake nitawatoa masomoni, maana pesa ya madaftari haiko." Mmoja wa wadogo hao ni mwanafunzi wetu, na kwa hesabu hana mwenzake darasani. Basi na sisi walimu jambo lile likatuingia moyoni.

Tulimwandikia kijana ujumbe. Alijibu kesho yake: "Walimu, mwambieni mama sijamsahau. Niko msituni. Nipigieni Jumamosi saa kumi jioni ya kwenu." Msituni? Mama alishtuka. Kwetu sisi, mtu akisema mwanao yuko msituni, unajua maana yake.

Jumamosi tulikaa chini ya mti, mama katikati, sisi pembeni. Huko kwao ilikuwa saa tatu asubuhi. Kijana aligeuza simu tukaona theluji nyeupe mpaka macho yanauma, na miti mirefu isiyo na jani hata moja. Lakini kilichotushangaza ni mirija. Mirija ya plastiki ilipita kutoka mti hadi mti, mingi kama kamba za kuanikia nguo, yote ikiteremka bondeni.

Miti ile inaitwa mepo. Ndani yake mna utomvu mwepesi kama maji, wenye sukari kidogo, kama sehemu 2 katika 100. Wenyeji wa asili wa nchi ile, Waabenaki, walijua kuutumia kabla wazungu hawajafika. Utomvu hutembea mwisho wa baridi, usiku kukiganda na mchana kukiyeyuka. Msimu ni wiki 4 hadi 6 hivi. Machipukizi yakifunguka, ladha inaharibika na kazi imekwisha. Vermont ni jimbo dogo, lakini karibu nusu ya sharubati yote ya mepo inayotengenezwa Marekani hutoka huko.

Mama alitazama, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Kumbe ni kama kugema michikichi kwetu Fizi!" Kijana akajibu, "Ndiyo mama, ila huku hatupandi juu."

Akatueleza kazi yao tangu mwanzo. Kabla ya msimu, wanafunga waya mgumu kutoka kwenye kibanda cha kupikia mpaka juu mlimani, umekazwa vizuri usilegee. Juu ya waya huo wanafunga bomba kuu. Lazima literemke wakati wote, angalau mita 2 katika kila mita 100. Likilegea mahali, utomvu unatuama na kuganda. Kutoka kwenye bomba kuu inatoka mirija myembamba, kila mmoja unapewa miti michache, kama 5 hadi 10. Kisha kila mti unapata kipande chake cha mrija, karibu sentimita 80, ili kiweze kuzunguka shina. Sababu yake ni kwamba kila mwaka tundu linatobolewa mahali papya, mbali na kovu la zamani. Tundu lenyewe ni dogo, upana milimita 8 na kina kama sentimita 4, linainama kidogo kuja nje ili litiririke. Mti mwembamba wanauacha ukue kwanza.

Bondeni kuna pampu ya kutoa hewa katika mirija yote. Hapo ndipo wanafunzi wetu waliokuwa wanachungulia nyuma walipouliza: pampu inavutaje maji ya mti wenye afya bila kuuua? Tulilijibu swali hilo Jumatatu darasani kwa mrija wa soda na chupa. Ukinyonya mrija, kwa kweli huvuti soda. Unaondoa hewa iliyo ndani, halafu hewa ya nje inaisukuma soda ipande. Mti wa mepo nao una msukumo wake kukipata joto. Ukiondoa hewa kwenye mrija, kizuizi cha nje kinapungua na utomvu unatoka zaidi. Hata siku ambayo mti peke yake ungetoa matone tu, unapata kitu.

Kisha tukatoboa ule mrija wa soda kwa pini. Mtoto akanyonya, akapata hewa tupu. Darasa likacheka, lakini wakaelewa kazi ya kaka wa mwenzao. Kindi wa msitu ule wanapenda kutafuna mirija. Tundu dogo likiingiza hewa, nguvu ya pampu inashuka kwenye mstari mzima. Nguvu hiyo inapimwa kwa geji, kwa inchi za zebaki. Wao wanataka ifike 25 au zaidi, na mwisho wake kabisa ni karibu 30. Ikishuka, kijana anavaa viatu vya theluji, anapanda mlima akifuata mirija. Anatega sikio kusikia mlio wa hewa, anaangalia mapovu. Yakienda polepole, ni salama. Yakikimbia, mbele kuna tundu. Anakata pale palipotafunwa, anaunganisha, anaendelea.

Na ukimya? Mama mwenyewe ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini. Kijana alisema: "Mama, unajua maji ya mchikichi hayangoji, asubuhi tamu, jioni pombe. Na haya yanaharibika. Ya leo yapikwe leo. Zinahitajika lita 40 za utomvu kupata lita 1 ya sharubati. Narudi usiku wa manane, nalala na viatu. Huku bondeni hata simu haishiki." Pesa akasema ataipata msimu ukiisha, Aprili. Hakuahidi zaidi.

Mama alinyamaza kidogo. Halafu akamwambia, "Basi vaa soksi mbili." Wakakubaliana kwamba kila Jumapili, hata akichoka namna gani, ataacha ujumbe wa sauti wa maneno mawili: niko mzima. Chaji ikaisha hapo.

Mama alikuwa na tumaini la kumfuata mwanawe. Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, faili lake halijasogea, na sisi hatuna la kumdanganya. Lakini madaftari ya mdogo wake tulichangishana walimu watatu, na mtoto hakukosa siku hata moja. Aprili pesa ilifika. Haikuwa nyingi. Mama alilipa deni la madaftari kwanza, tulipokataa akatuletea ndizi.

Wazazi wenzetu, wengi kati yenu mna mtu ng'ambo. Akinyamaza, msikimbilie kusema ametusahau. Ulizeni kwanza anafanya kazi gani, na msimu wake ni upi. Na nyinyi mlioko mbali, mkisomewa ukurasa huu: maneno mawili tu yanamtosha mama alale.

Tukutane mwezi ujao.