Vitabu vya Dar es Salaam, makaburi ya Makobola

Kila siku ya posho, saa kumi za jioni, mwalimu mmoja mstaafu anatandika mkeka chini ya mwembe katika kata ya Mulongwe, muji wa Uvira. Vijana wanafika mmoja mmoja: wanafunzi wa vyuo vikuu, motari wawili watatu ambao wameegesha pikipiki zao kando, na watu wa familia zilizokimbia vita huko milimani na katika bonde la Ruzizi. Wanaongea siasa mpaka giza liingie. Hakuna kipaza sauti na hakuna bendera ya chama. Kuna mkeka, chai ya mkandaa, na kitabu kimoja ambacho mwalimu anakitoa kwenye mfuko wa plastiki.

Kitabu hicho ni cha Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, kinachoeleza namna Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika. Kilitoka mwaka 1972, London na Dar es Salaam. Mwalimu alikipata katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, kwa mwalimu mwenzake aliyekuwa anarudi Kongo na mzigo ulikuwa mzito. Kiko katika Kiingereza. Alikisoma miezi mingi, kamusi pembeni, usiku wakati watoto wamelala, kwa taa ya mafuta. Jalada limetoka, na kurasa za mwisho zililowa wakati mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa 4 mwaka 2020. Alizianika juani moja moja.

Vijana wengi wanaokuja pale wanajua kidogo tu juu ya muji uliozaa kitabu hicho. Kwao Dar es Salaam ni bandari ya mizigo, magari ya mtumba na muziki wa Bongo. Mwalimu anawaambia kwamba zamani muji ule ulikuwa nyumba ya kila mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya siasa. FRELIMO ya Msumbiji ilikuwa na ofisi pale. ANC ya Afrika Kusini ilikuwa pale, na wapigania uhuru wa Angola, Namibia na Zimbabwe. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Inchi za Afrika ilikaa pale pia. Haukuwa muji wa usalama kamili: tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka 1969, Eduardo Mondlane, mkubwa wa FRELIMO, aliuawa pale na bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kwa posta. Lakini mtu aliweza kushuka kwenye basi na begi moja, akapata wa kumwita ndugu.

Kwenye chuo kikuu, pale Mlimani, Rodney alifundisha historia. Wanafunzi waliunda chama chao cha mapinduzi, USARF, na siku ya Mungu asubuhi, wakati wengine wako kanisani, wao walikuwa darasani wakisoma Marx, Lenin na Fanon. Mwaka 1969 walianzisha gazeti lililoitwa Cheche. Ndani ya gazeti hilo, mwaka 1970, kijana anayeitwa Issa Shivji aliandika kwamba hata ndani ya inchi inayojiita ya ujamaa, tabaka jipya la wakubwa linaweza kuota na kukalia jasho la wakulima na wafanyakazi. Aliandika hayo wakati Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye raisi, na Azimio la Arusha lina miaka mitatu tu. Mwezi wa 11 mwaka huo huo, serikali ilifunga chama na gazeti. Ilisema Tanzania inajenga ujamaa wake na haihitaji cheche za Urusi.

Hapo mwalimu anatulia kidogo. Anataka vijana waone kwamba kosa la gazeti lile halikuwa kuiba wala kuua. Lilikuwa kuuliza.

Kisha anafika kwenye sehemu ambayo watu wa Uvira na Fizi wanaijua kwa mwili wao.

Katika wale vijana wa Mlimani, mkubwa wa USARF alikuwa mwanafunzi kutoka Uganda, jina lake Yoweri Museveni. Alikwenda pamoja na wenzake kuona sehemu za Msumbiji zilizokombolewa na FRELIMO, akarudi akaandika juu ya mawazo ya Fanon kuhusu nguvu za silaha. Katika muji huo huo aliishi Mkongomani mmoja aliyekuwa na msitu wake ng'ambo ya ziwa, Laurent-Désiré Kabila. Na mwaka 1980 akafika Mkongomani mwingine, mzaliwa wa Kongo ya Chini, Ernest Wamba dia Wamba, kufundisha historia kwenye chuo kile kile. Profesa Wamba aliandika juu ya mbongi, baraza la jadi la Wakongo, ambapo jamii inakaa chini na kila mtu ana haki ya kusema mpaka neno lililoharibika litengenezwe. Aliamini kwamba watu wa kawaida wanafikiri, na kwamba siasa inapaswa kuanza na mawazo yao. Mwaka 1981 alipokwenda kutembea Zaire, watu wa Mobutu walimfunga kwa sababu ya karatasi alizoandika. Mwaka 1997 alipewa Tuzo ya Prince Claus huko Uholanzi kwa kazi yake ya falsafa.

Watu watatu, muji mmoja, maneno karibu yale yale: ukombozi, raia, mapinduzi.

Mwaka 1996 Museveni na serikali ya Rwanda walimsaidia Kabila kumwangusha Mobutu. Mapatano ya AFDL yamebeba jina la Lemera, kijiji cha hapa hapa katika teritware ya Uvira. Tarehe 17 mwezi wa 5 mwaka 1997 Kabila akawa raisi. Haukupita mwaka mmoja na nusu wakagombana. Tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 1998 vita vya pili vilianzia Goma, na chama kilichoitwa RCD kikazaliwa. Raisi wake wa kwanza alikuwa Profesa Wamba dia Wamba. Kwa hiyo mwalimu wa mbongi alikuwa upande mmoja, mwanamapinduzi wa zamani wa Fizi upande wa pili, na mwanafunzi wa Fanon alituma jeshi. Wote watatu walisema wanamkomboa Mkongomani.

Mwaka huo ukiisha, katika siku zile ambazo watu hununua mchele na kitenge kipya cha Bonane, askari waliingia Makobola, kusini mwa Uvira kwenye barabara ya Baraka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inasema kwamba askari wa RCD na washirika wao waliua pale na katika vijiji vya jirani raia zaidi ya 800. Mwalimu alikuwa amekwenda kulala kwa shemeji yake Uvira, kwa sababu ya mwanafunzi aliyempa fedha za karo pungufu na alitaka kumalizana na baba wa mtoto. Hiyo ndiyo sababu yupo hai. Dada yake na watoto watatu wa dada yake hawakuwa na sababu ya kusafiri. Wiki mbili baadaye alivuka ziwa usiku kwa mtumbwi, pamoja na mke wake na shati moja.

Katika kambi, miaka michache baadaye, alipokuwa anasoma Rodney, mwenzake alimweleza juu ya Mlimani na walimu wake. Ndipo alipojua kwamba mtu aliyekuwa raisi wa chama kile siku za Makobola alikuwa profesa wa baraza, mtu wa maneno mazuri aliyeaminiwa na wanafunzi wake. Mwalimu anasema usiku ule alifunga kitabu na hakukifungua kwa zaidi ya mwaka.

Vijana wanamuuliza kila mara: profesa alitoa amri? Mwalimu anajibu kwamba hana ushahidi wa hilo, na hataki kumsingizia mtu aliyekufa. Wamba alifariki mwaka 2020. Profesa alikuwa na kiti, lakini bunduki zilikuwa na wenyewe. Mwezi wa 5 mwaka 1999 waliokuwa na bunduki walimtoa kwenye kiti cha Goma, akahamia Kisangani chini ya ulinzi wa Uganda. Na pale Kisangani majeshi ya Rwanda na Uganda, rafiki wa jana, yalipigana ndani ya muji mwaka 1999, na tena mwezi wa 6 mwaka 2000 kwa siku sita, juu ya vichwa vya raia. Mamia walikufa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa yale iliyoyafanya katika vita hivyo.

Jioni moja kijana mmoja, motari, aliyekimbia na mama yake kutoka milimani, alisimama bila kuomba ruhusa. Alisema: Mwalimu, kama wasomaji hao wote walitufikisha hapa, kwa nini tusome? Choma hicho kitabu, tununue nacho chumvi.

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Alimwambia akae, kisha akamsimulia kumbukumbu ya utoto.

Mwaka 1965 alikuwa na miaka saba, kijijini kando ya ziwa. Tarehe 24 mwezi wa 4 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akaingia Kibamba pamoja na Wakuba wa kwanza. Walipewa majina ya hesabu za Kiswahili, na yeye akaitwa Tatu. Wakubwa wa kijiji walisimulia baadaye juu ya mzungu aliyetibu watu. Walisimulia pia kwamba Kabila, mkubwa wao wa upande huu, alifika mwezi wa 7, akakaa siku chache, akarudi ng'ambo. Che mwenyewe alilalamika juu ya hilo katika maandishi yake. Mwezi wa 11 Wakuba wakaondoka. Waliobaki na askari wa serikali ni wanakijiji, wale waliobeba mizigo, waliopika mihogo na kutoa mbuzi. Baba yake mwalimu alitoa mbuzi wawili. Hakuna aliyemuuliza kama anataka vita. Aliulizwa mbuzi wako wapi.

Kutoka hapo ndipo lilipotoka swali ambalo vijana wa mkeka ule wanalijua kwa moyo: nani aliulizwa? Rodney alisema kweli juu ya shaba, kahawa na mpira, anasema mwalimu, na kuchoma kitabu hakutabadilisha bei ya dhahabu ya Fizi wala jina la anayeila. Shivji alisema kweli juu ya wakubwa wapya. Hata Wamba, alipoandika juu ya baraza, alisema kweli. Ila mtu akishavuka ziwa na bunduki ya serikali nyingine mgongoni, baraza limekwisha, maana hakuna mama anayeweza kumsimamisha na kumwambia neno lako limeharibika. Kwa hiyo vijana wakiletewa orodha ya kusaini, fulana ya chama au jina zuri la harakati mpya, mwalimu anawaomba wafanye kitu kimoja kabla ya kuitika. Wamwalike mkubwa wa harakati hiyo kwenye mkeka, akae chini bila askari, aulizwe na kila mtu. Akikataa kukaa, wamejua.

Vijana walipenda neno hilo. Wengine waliandika kwenye simu. Lakini jioni ile haikuisha hapo.

Mama mmoja aliyekimbia kutoka bonde la Ruzizi, ambaye anauza ndagala asubuhi na kuleta chai ya mkeka jioni, alikuwa anakusanya vikombe. Akauliza, sinia mkononi, kama na yeye anaweza kuuliza. Mwalimu akasema, ndiyo Mama, uliza. Mama akasema kwamba miezi miwili iliyopita vijana hawa walichangisha franka kwa kila familia ya wakimbizi wa vita ili watengeneze bomba la maji la mtaa. Yeye alitoa. Jirani yake mjane alitoa. Bomba bado halitoi maji. Kila siku ya posho anasikia habari za Tanzania na Kuba, lakini hajasikia hesabu ya fedha zile. Na kisha, akasema, mimi ninaleta chai hapa tangu kiangazi, hakuna aliyeniambia nikae.

Hakuna aliyecheka. Kijana aliyeshika fedha aliangalia chini. Mwalimu alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akajisogeza mpaka kwenye ukingo wa mkeka, akampisha mama katikati. Alisema yeye pia hakuuliza juu ya fedha hizo, na aibu ni yake kwanza.

Siku ya posho iliyofuata, kitabu cha Rodney kilibaki ndani ya plastiki. Kijana alisoma hesabu kwa sauti: walioipa harakati franka, jina kwa jina, bei ya bomba na ya saruji, fedha aliyomkopesha kaka yake bila kumwambia mtu, na tarehe atakayoirudisha. Mama alikuwa amekaa karibu na mti, akimsimamisha kila mahali ambapo hakuelewa, na kijana akirudia. Ilichukua muda mrefu kuliko mapinduzi yoyote waliyowahi kuyazungumza pale. Chai ilichemshwa na motari aliyetaka kitabu kichomwe. Ilikuwa na sukari nyingi mno, wakainywa hivyo hivyo.