Msimu wa Kahawa, Msimu wa Bodi

Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na mitihani yake hufanyika mara mbili kwa mwaka: Mei na Novemba. Mibuni nayo ina kalenda yake. Huku Karagwe na Kyerwa, ambako robusta ndiyo inayotawala mashamba, kahawa huanza kuiva kuelekea Mei, na kutoka hapo watu wa ushirika hawalali usingizi wa kutosha mpaka Agosti au Septemba ipite. Waliouchagua Mei kuwa mwezi wa mtihani hawakuwa na sababu ya kuiwaza Nyaishozi ya Karagwe. Mhasibu anayesimuliwa hapa alikuwa nayo.

Mhasibu huyo ndiye mwandishi. Anajisimulia kama mtu wa pembeni kwa mazoea ya kazi tu: miaka ya kuandaa taarifa imemzoesha kuandika "chama kililipa", "wanachama walipokea", na "mimi" haijawahi kupata safu yake kwenye daftari.

Alifika Nyaishozi na shahada ya uhasibu mkononi. Kwa Bodi shahada hiyo humwezesha mtu kuruka ngazi ya msingi na kuanzia ngazi ya kati, kisha ngazi ya mwisho, kisha aandike CPA(T) mbele ya jina. Kwenye karatasi, njia ilikuwa fupi. Wenzake aliosoma nao walibaki Dar es Salaam kwenye mabenki na kampuni za ukaguzi, wakitoka kazini jioni na kuingia madarasa ya rivyu. Yeye aliajiriwa na chama cha msingi cha ushirika, kimoja kati ya vile vinavyouza kupitia chama kikuu cha KDCU. Rivyu yake ilikuwa simu ya mkononi na vitabu vya Bodi vilivyoletwa na kondakta wa basi ndani ya mfuko wa rambo.

Kulikuwa na kundi la WhatsApp la watahiniwa. Mtu wa Dar alikuwa akituma majibu ya pasti pepa, kurasa zilizopigwa picha moja moja, na mhasibu akipanda kilima nyuma ya nyumba kuzishusha. Zikimaliza kushuka, bando nalo limekwisha.

Mezani kwake mwezi Mei ulikuwa hivi. Mkulima anashusha magunia ya kahawa ya maganda kutoka kwenye bodaboda au baiskeli. Karani anapima na kutaja kilo kwa sauti, stakabadhi inaandikwa kwa karatasi ya kaboni, na nakala ya chini inatoka na maandishi hafifu kiasi kwamba sita na nane zinafanana. Mzee mmoja anaishika stakabadhi yake mbali na macho, anaisoma, anairudisha mezani. "Mwanangu, hapa umeninyima nusu kilo." Gunia linarudi kwenye mizani. Nyuma yake foleni imefika barabarani. Jioni, stakabadhi zote lazima zikubaliane na leja, leja ikubaliane na ghala, na ghala likubaliane na orodha itakayofuata kahawa mpaka mnadani. Baada ya mnada yanakuja makato, na baada ya makato, majina ya kupeleka benki. Namba moja ya akaunti ikikosewa, kuna mtu atakuja na mke na shemeji kuuliza.

Baada ya siku kama hiyo, fungua kitabu cha ripoti za fedha usome.

Alijaribu usiku, ikashindikana. Macho yalikuwa yamekwisha kazi. Akahamia alfajiri, saa kumi, kabla ya majogoo, taa ya sola ikiwa imebakiza chaji ya kutosha kwa swali moja refu. Mama mkwe wake, aliyekuwa akilala chumba cha pili na mtoto, alikuwa na maoni yake kuhusu mtu mzima anayeamka usiku wa manane kufanya hesabu za kampuni isiyokuwepo. Hata hivyo chai ilikuwa tayari kila alipofunga kitabu.

Hapo ndipo kazi na mtihani vilipoanza kusalimiana. Tanzania inafuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha tangu 2004, na kati ya viwango hivyo kipo cha kilimo, IAS 41. Vijana wengi wa mjini wanakikariri. Mhasibu wa Nyaishozi alikuwa akikiona kupitia dirisha la ofisi. Mbuni wenyewe, tangu marekebisho yaliyoanza kutumika 2016, huhesabiwa pamoja na mitambo na majengo, kwa sababu huzaa mwaka hadi mwaka na wenyewe hauuzwi. Tunda likiwa bado mtini ni mali hai, chini ya IAS 41. Likichumwa, linapewa thamani yake ya soko siku hiyo kwa kutoa gharama za kuuza, na kuanzia hapo linaingia kwenye kiwango cha bidhaa za ghalani. Mti mmoja, viwango vitatu. Hakuhitaji mwalimu wa kumfafanulia. Alihitaji tu mtu wa kumpa muda wa kuandika.

Halafu kuna butura. Ni biashara ya kununua kahawa ikiwa bado maua: mkulima mwenye shida ya ada au ugonjwa anapewa fedha kidogo miezi kabla ya mavuno, na msimu ukifika kahawa ni ya mwenye fedha. Serikali imeipiga vita miaka mingi na bado ipo. Kwenye leja linasomeka jina la mkulima, kilo ni zake, malipo yameingia kwenye akaunti yake. Na nje ya benki kuna mtu amesimama chini ya mti anamngoja. Vitabu vya Bodi vinasisitiza kwamba muamala uandikwe kwa kiini chake kuliko umbo lake la kisheria. Maneno hayo mhasibu aliyaelewa hapo nje ya benki, na hajawahi kupata namna ya kuyaingiza kwenye leja ya chama.

Lililobaki lilikuwa ruhusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, lakini inamwachia mwajiri kuamua lini. Likizo ya mtihani haikutajwa. Mwaka mmoja aliahidiwa siku za Mei kwa mdomo. Chama kilipopata tarehe ya kufungua msimu, ahadi ikasahaulika, na ada ya mtihani ilikuwa imeshalipwa. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Katika ofisi yenye mhasibu mmoja, mhasibu ndiye ofisi.

Akaenda kwa mwenyekiti wa chama, mzee wa makamo aliyewahi kufundisha shule ya msingi.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja kuomba Novemba."

"Marahaba. Novemba yote?"

"Wiki ya mtihani na wiki mbili kabla yake. Mei sitaomba tena."

Mwenyekiti alifikiri kidogo, akasema: "Mei ungeomba ningekukatalia. Novemba andika barua."

Uamuzi huo ulikuwa na bei. Watahiniwa wa uhasibu wa ACCA ya Uingereza wana awamu nne kwa mwaka; wa KASNEB nchini Kenya wana tatu, Aprili, Agosti na Desemba. Wa NBAA wana mbili, na mhasibu alijikatia moja. Akishindwa Novemba angengoja mwaka mzima, wakati mwenzake wa Dar angerudi ukumbini Mei. Kwa maoni ya mwandishi, hata hivyo, awamu moja ambayo mtu amejiandaa inazidi mbili anazoingia akiwa na vumbi la maganda kwenye kola, na ada zinazopotea hazirudishwi na mtu.

Novemba nayo haikuwa bure. Mvua zinakuwa zimekolea, umeme unakwenda na kurudi, na wakaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, wanaweza kubisha hodi. Lakini mizani inakuwa imenyamaza, na hilo lilitosha.

Mtihani aliufanyia Mwanza. Safari ya wakati ule ilikuwa na kituo kisichokwepeka: Busisi, ambako mabasi yalijipanga kungoja kivuko na watu wakashuka kununua samaki wa kukaanga. Wengine walilala, yeye alipitia kodi, karatasi juu ya goti, akiomba kivuko kichelewe kidogo. Daraja la Kigongo–Busisi, la takribani kilomita 3, lilizinduliwa Juni 19, 2025, na watahiniwa wa sasa wanavuka kwa dakika chache tu. Ukumbini ni saa tatu kwa kila pepa, kikokotoo na kitambulisho mezani. Matokeo ya Novemba hutoka mwanzoni mwa mwaka unaofuata, kabla mibuni haijaanza kumwita mtu. Kwa mtindo huo, mwaka baada ya mwaka, alimaliza ngazi ya kati, kisha ya mwisho.

Mzigo wa Mei haukupungua baada ya hapo. Mwaka 2024 bei ya robusta katika soko la London ilivuka dola 5,000 kwa tani, na kahawa ilipopanda bei kila mkulima alitaka kuona hesabu yake mwenyewe, mstari kwa mstari. Hilo ni jambo jema, na vyama vinahitaji watu wa kuijibu foleni hiyo kwa kalamu iliyofundishwa. Bodi za vyama ziweke tarehe za mitihani kwenye ratiba ya likizo mapema Januari, pamoja na tarehe ya mkutano mkuu. Nawe unayefanya kazi kwenye chama cha mazao na unataka CPA: andika barua ya kuomba Novemba kabla Mei haijafika, na nakala utakayobaki nayo iwe imegongwa mhuri wa kupokelewa.