Kutoka kwa Karama hadi Kashasha

Kidato cha tatu nilimhusudu Karama kuliko mtu yeyote aliye hai. Ndiye mshitakiwa wa Kusadikika ya Shaaban Robert, aliyeshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia mikasa ya wajumbe sita waliotumwa kutafuta elimu, na waliporudi wakatiwa gerezani. Ufasaha ule ulinilevya. Kwenye midahalo ya shule nilipanga sentensi ndefu zenye mizani, na sheria kwangu ilikuwa kusema vizuri mbele ya watu. Nilitaka kuwa wakili wa kesi za mauaji, Dar es Salaam.

Mwaka wa kwanza wa sheria pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulipewa hukumu ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, iliyotolewa na Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990. Shauri lenyewe lilianzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba, na mimi ni mtu wa Muleba. Shamba la aina ile nalijua: migomba, kahawa chini yake, milamula imepandwa mpakani. Holaria alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza shilingi 300,000. Bernardo, mwanaukoo wa kiume, akadai uuzaji ubatilishwe, kwani sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi hiyo maisha yake yote, ila asiiuze. Jaji aliipima kanuni hiyo kwa Katiba, ambayo iliongezewa haki za binadamu mwaka 1984, akaona ni ubaguzi. Ila hakuusahau ukoo: mlalamikaji alipewa miezi sita airudishe bei ile na kukomboa shamba. Naipenda hukumu ile hasa kwa sababu ya sehemu hiyo ya pili.

Likizo nilimsimulia shangazi. Yeye alirudi nyumbani ndoa ilipovunjika, na kipande anacholima hukitaja kama kitu cha kuazima. Alinisikiliza huku akimenya ndizi, mikono imeshika utomvu. Kisha akauliza:

“Na yule hakimu wa kwanza, alisemaje?”

Nikamwambia wa Kashasha alibatilisha uuzaji. Haki ilipatikana Mahakama ya Wilaya, na Mahakama Kuu ikaithibitisha.

“Basi, mwanangu, wengi wetu huishia kwa huyo wa kwanza.”

Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo sikuzitazama tena kesi za mauaji kwa jicho lile.

Nilipokwenda mafunzo kwa vitendo niliomba mahakama ya mwanzo. Hakimu alikuwa ameketi na wazee wa baraza, anaandika mwenendo wa shauri kwa mkono. Mama mmoja alikuwa akieleza mpaka wake kwa kasi. “Mama, rudia hapo kwenye milamula. Iliyong'olewa ni mingapi?” Akaandika, akamsomea alichoandika, mama akaafiki. Shauri likikatiwa rufaa, karatasi zile ndizo zitakazosafiri. Ufasaha wa aina hiyo sikuwa nimeufikiria: sentensi fupi, za mtu mwingine, zisizopotoshwa. Hata Kusadikika nikiisoma siku hizi, namtazama zaidi yule mfalme aliyekubali kusikiliza utetezi wote hadi mwisho.

Wenzangu wanaona najinyima. Wanataka ofisi za mjini, na wapo watakaofanya mema huko. Mimi nikimaliza nitaomba uhakimu Tume ya Utumishi wa Mahakama, wanipeleke mahakama ya mwanzo popote watakapo, kwetu Kagera ikiwezekana. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote; mahakama ya mwanzo ilikuwa ikikitumia siku zote, na darasani bado tunafundishwa kwa Kiingereza, jambo linaloniuma. Nafanya mazoezi ya kuandika hukumu kwa Kiswahili, jioni, peke yangu. Kila moja naimalizia kwa kumweleza aliyeshindwa kwamba ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na nakala aichukue wapi.